Mikono Kabla ya Mnyororo

Ghala letu la pamba, nje kidogo ya Bariadi, sasa lina foklifti mbili. Zinaingiza uma chini ya marobota, zinayanyanyua na kuyapanga hadi karibu na bati. Kwa mzigo mdogo lipo toroli la pampu: unalisukuma chini ya chaga la mbao lililobeba mzigo, unapampu mpini, mzigo unaachana na sakafu. Mimi nilibaki na winchi ya mnyororo, inayoning'inia kwenye boriti ya chumba cha mashine, kwa kuwa mlango wake ni mwembamba na foklifti haipiti. Mota ya mashine ya kuchambulia pamba ikiharibika na kuhitaji kunyanyuliwa, ndipo nilipokuwa nikiitwa. Siku nyingine nilikaa na kopo la grisi na Biblia yangu, nikishukuru kwamba bado nilikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Kwetu mnyororo hauvutwi kimya. Zamani mwenzetu alipondwa vidole viwili chini ya mota, vikakatika. Tangu siku ile mshika mnyororo huuliza kwanza, "Mikono?" Kila aliye karibu na mzigo huinua yake juu na kujibu, "Ninayo!" Jibu lisipokuja, husubiri. Tulikuwa sita. Wengine walirudi mashambani, wengine Mungu aliwaita. Wa mwisho tulimzika kijijini kwao, Nkoma, mvua zikianza. Baada yake nilikuwa nikiuliza na kujijibu mwenyewe.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mota ilikufa katikati ya msimu. Dereva wa foklifti, binti kutoka kijiji cha Mkula, akaja kunisaidia kufunga mkanda.

"Mikono?" nikauliza.

Alikuwa ameinama, anaweka ndoano sawa.

"Mikono?"

"Babu, vuta bwana! Malori yamejaa getini."

"Sivuti."

"Sasa unamwuliza nani? Tuko wawili tu!"

"Nakuuliza wewe."

Akacheka. "Foklifti yangu haijawahi kuniuliza habari za mikono."

Nikaachia mnyororo, nikakaa juu ya ndoo. Hasira sikuwa nayo. Niliogopa kwamba nikiondoka Ijumaa, neno lile litaondoka nami, na siku moja mtu atapondwa tena. Nikamweleza habari za vidole viwili: jinsi mwenyewe alivyovitafuta kwenye vumbi la pamba kabla hajalia.

Binti akasogea nyuma, akainua viganja vyake vyenye grisi.

"Ninayo, babu."

Nikavuta.

Ijumaa nilipokuwa nikitoka getini, mota iliyotengenezwa ilikuwa ikirudishwa. Sauti ya binti ikatoka chumba cha mashine: "Mikono?" Nikasimama. Wanaume wawili wakajibu, mmoja akicheka. Kisha mnyororo ukaanza kulia.

Nyumbani niliwasha jiko, nikapika ugali wa mtu mmoja. Nikainua mikono kushukuru. Tangu mama watoto aitwe na Mungu, hakuna wa kuitikia. Nikasema Amina mwenyewe, nikala.