Nyasi za Majini

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikishonea nguo familia moja ya Wahindi mjini Nakuru. Walipohamia Uingereza, mama wa nyumba aliniachia sanduku lake la vioo, pamoja na mimea ya majini na samaki wadogo. Nililipeleka nyumbani kwetu, mtaa wa Bondeni, kwa mkokoteni, majirani wakiuliza hao samaki wataliwa lini. Nikasema hawaliwi. Wakacheka. Wacheke.

Mama mkwe hakucheka. Alipokuja kututembelea kutoka Mau Narok alitazama vioo, akatazama tumbo langu, akasema mwanamke asiye na mtoto hana haja ya kufuga nyasi. Siku hiyo nililipenda sanduku maradufu. Kila kitu katika nyumba ile kilikuwa cha mume wangu au cha mama yake. Lile lilikuwa langu.

Mimea ilipoanza kuwa manjano nilifanya ambavyo mtu yeyote wa nchi ya viazi angefanya: nikatia konzi ya mbolea, ile ile ya kwenye mashimo ya viazi. Kesho yake samaki walikuwa wanaelea, na maji baadaye yakawa kijani kama mrenda. Habari ilifika Mau Narok kabla sijamaliza kuosha changarawe. Mama mkwe akaleta neno: msimu wa kuvuna naenda kumsaidia, kama ilivyo desturi ya mke wa mwana, na tukirudi Nakuru tukakuta nyasi zimekufa, sanduku litakuwa la vifaranga wake. Mume wangu akakubali, tena akamwahidi kwamba hataligusa nikiwa sipo. Mimi nikasema tutaona.

Hasira ndiyo iliyonifundisha kupima. Maji hayataki konzi. Yanataka kidogo kidogo, kila siku. Niliyeyusha chembe chache za mbolea katika chupa ya dawa ya kikohozi, nikaifunga kwa uzi juu ya ukingo wa kioo, nikachovya ndani yake utambi mpya wa koroboi, ncha ya pili ikining'inia juu ya sanduku. Utambi ulinyonya, ukadondosha tone, ukatulia, ukadondosha jingine. Nikitaka polepole zaidi nilichomoa nyuzi. Kwa maji yanayokauka nilipindua chupa kubwa iliyojaa maji, mdomo ukigusa maji, kama tunavyonywesha kuku: yakipungua, chupa inayajaza yenyewe. Mwanga ulitoka dirishani. Samaki wapya niliwatoa mtaroni, waliozoea kujitafutia. Nikajaribu hivyo kwa majuma kadhaa bila kugusa kitu, ndipo nikafunga nguo zangu.

Huko Mau Narok nilichimba viazi kwenye baridi, na kila jioni mama mkwe aliuliza kama nyasi zangu zimenitumia salamu. Mashemeji walifurahi sana. Niliuma meno nikachimba.

Mavuno yalipokwisha alirudi nami Nakuru, kikapu cha vifaranga mapajani. Aliingia mbele yangu. Maji yalikuwa maangavu, mimea imefika juu na kutanda usoni mwa maji, samaki wanapita katikati. Mama mkwe alisimama pale, akatazama utambi ukitoa tone, kisha jingine.

"Kumbe hii kitu haikuhitaji hata wewe," akasema.

"Ndio, mama. Mimi ndiye naihitaji. Na haitoki hapa."