Sharbani Ajifunza Upya Kusikia "Usinishike"

Jumamosi, jua likianza kupunguza makali, Sharbani Kundu anaanua nguo juu ya paa la nyumba anayopanga mtaa wa Behala, jijini Kolkata, India, na kutandika mikeka. Wenzake wanafika, wanavua viatu na kuanza kutembea polepole, kila mmoja akimpita mwenzake karibu bila kumgusa. Kisha, kwa wanaotaka, wawili wawili wanaegemeana migongo.

"Legezeni mabega," anasema Sharbani.

"Dada, tukilegea zaidi ya hapa tutamwagika hadi kwa mwenye nyumba," anajibu Biltu, kinyozi mwenye maneno mengi, na paa zima linacheka.

Siku za kazi, Sharbani, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hushona pindo za sari dukani Gariahat. Kundi hili la mazoezi ya mwili, ambalo yeye ndiye mwalimu wake, alilianzisha na marafiki: wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, na wengine waliolelewa kama wavulana hali wao ni wanawake.

"Wengi wetu tumeguswa kwa makofi, au kwa kujificha," anasema. "Kuulizwa kwanza kama unataka, hilo hatukulizoea."

Na bado yeye mwenyewe aliteleza, tena kwa neno moja.

Kwa Kibengali, ukisema "dhoro na" ukiachia mdomo, unabembeleza: nishike basi. Ukiuviringa kidogo tu, unakataza: usinishike. Ketaki Mahato, mpishi wa mkahawa mdogo, alikuja mjini na lafudhi ya kwao mashambani Purulia, isiyotenganisha vizuri matamshi hayo mawili. Kaka zake walikuwa wamemshika kwa nguvu na kumnyoa nywele ili arudi kuwa mwanamume. Jumamosi moja, akiwa mazoezini pale paani, alisema "dhoro na", na Sharbani, kwa mapenzi yake yote, akamkumbatia kwa nyuma.

Ketaki alikauka. Akacheka kidogo, akachukua viatu vyake mkononi, akashuka ngazi. Jumamosi iliyofuata hakuonekana paani.

Sharbani alimfuata mkahawani, akamkuta akimenya viazi.

"Nilikwambia usinishike, dada."

"Mimi nilisikia nishike."

"Masikio yako husikia yanachopenda," Ketaki alimjibu bila kuinua macho. "Kaka zangu pia walidai wananipenda."

Maneno hayo yalimchoma Sharbani. Anakiri kwamba alilia njia nzima akirudi, na kwamba kwanza alilia kwa kujionea huruma. Machozi ya kumlilia Ketaki yalikuja baadaye.

Wiki iliyofuata aliwasimulia wenzake kila kitu. Wakakubaliana kuliacha kabisa neno lile. Sasa ni "leo nataka" au "leo sitaki", na anayekataliwa hujibu "asante".

"Asante ya nini, na mtu kashaninyima?" Biltu aliuliza.

"Ya kukuambia ukweli," Sharbani alimjibu. "Wangapi wamewahi kukuamini kiasi hicho?"

Biltu akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia kimoja.

Jumamosi hii, baada ya kusikia kuhusu kanuni hiyo mpya, Ketaki amerudi. Anakaa pembeni na shali yake, anawatazama wenzake wakitembea, kisha anainuka na kutembea nao. Sharbani anamkaribia na kusimama hatua chache mbele yake.

"Ketaki, unataka tuegemeane migongo?"

Ketaki anamtazama usoni, safari hii bila kukwepa.

"Leo sitaki."

"Asante," anasema Sharbani, na kumpisha njia.

Ketaki anaendelea kutembea. Haondoki. Baada ya muda anacheka na Biltu, kicheko cha kweli.

Wakati wa chai, Sharbani anaulizwa ana mipango gani. Angependa kupata chumba chenye sakafu nzuri kabla mvua hazijaanza, na mwalimu wa pili wa kumsaidia. Kisha anamtazama Ketaki, aliyeketi akipuliza chai yake.

"Lakini zaidi ya yote, nataka arudi Jumamosi ijayo," anasema taratibu. "Hata kama ni kuja kunikatalia tena."