Mbuzi wa Kitovu

Kijana wetu alizaliwa hapa Hadado, kaskazini mwa Kenya, ndani ya chumba chetu cha mabati, kwa sababu gari la kunipeleka hospitali lilichelewa. Aliyempokea ni jirani yetu, mama wa Kisomali. Kati ya kwake na kwetu kuna ua wa miiba tu. Alipomaliza kufunga kitovu alinawa, akatoka, akarudi amebeba mwanambuzi wa kike, mweupe, sikio moja la kahawia.

"Hii yake," alisema.

Nilisema asante. Mume wangu, aliyekuwa mlangoni, naye akasema asante. Nadhani kosa lilianzia kwenye zile asante mbili, ingawa sina hakika kama kweli lilikuwa kosa.

Tulitoka Nyandarua msichana wetu akiwa ndio anaanza kutembea. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya kuangalia mashine ya kisima, ile injini inayovuta maji ya watu na mifugo. Kwetu mtoto akitoka nje anakanyaga majani yenye umande. Hapa msichana alitoka mara ya kwanza, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akalia, maana mchanga ulikuwa moto. Siku hizi anakimbia bila viatu na kunishangaa mimi ninayetafuta ndara. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo sitaeleza kwa nini watoto huzoea upesi kuliko wakubwa. Naandika nilichoona.

Mbuzi alikaa kwa jirani, pamoja na mbuzi wake. Hatukumchunga hata siku moja. Alipozaa, jirani alianza kumkamulia kijana kikombe cha maziwa kila jioni. Yalikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu wenyeji hufukiza vyombo vyao vya maziwa. Mimi yalinishinda. Kijana aliyanywa na kulamba kikombe. Jirani ndiye pia aliyenishikia watoto nilipougua malaria, nilipoenda Wajir, hata nilipochoka tu. Kila asubuhi alimwita kijana kutoka ng'ambo ya ua, akampitisha kwenye pengo la miiba, na mimi nikapata nafasi ya kufua. Watoto wanamwita habaryar, yaani mama mdogo. Bila yeye sidhani ningeweza kukaa hapa. Hilo sina shaka nalo.

Kijana akiwa na miaka mitatu, mama mkwe alipiga simu kwamba atakuja Krismasi. Hakuwa amewahi kufika kwetu.

"Mama akija tutachinja yule wa kijana," mume wangu alisema.

Sikupinga. Kwao mama hawezi kufika kwa mwanawe mara ya kwanza akapewa chai na mkate. Tena mvua ilikuwa imekataa mwaka huo, mbuzi wameanza kuonyesha mbavu. "Bora tumle akiwa bado na nyama," alisema, na sikuona ubaya wa neno hilo.

Hapa tukichinja, humwita kaka yake jirani ashike kisu, ili majirani Waislamu nao waweze kula. Kwa hivyo nilienda uani kuomba.

"Abaayo," jirani alisema. Ndivyo anavyoniita, dada. "Nani amesema ichinjwe?"

"Baba yake."

"Baba yake ana mbuzi?"

"Si yuko yule uliyetuletea?"

Aliacha kufagia. "Nililetea wewe? Wewe ulizaliwa siku ile?"

"La."

"Baba yake alizaliwa siku ile?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza polepole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Mbuzi wa kitovu ni mwanzo wa mali ya mtoto. Watakaozaliwa ni wake, na watakaozaliwa na hao ni wake. Mzazi atampa mtoto maziwa, lakini kuchinja hana ruhusa. Mtoto akikua ataamua mwenyewe.

"Mzee wako akitaka nyama," alimaliza, "achinje mashine yake."

Hilo la mashine sikulifikisha nyumbani. Mengine niliyafikisha.

"Mtoto analala kwangu, anakula kwangu," mume wangu alisema, "halafu ana mbuzi ambaye mimi siwezi kumgusa?"

Nikaona ana haki. Uani nilikuwa nimeona jirani ana haki. Mimi niko hivyo, anayesema mwisho ndiye hunishinda.

Mama mkwe, ambaye watoto humwita shosho, alifika na gunia la viazi na kabichi, miguu imevimba kwa safari. Asubuhi iliyofuata mume wangu alimshika kijana mkono hadi kwenye ua. Jirani na kaka yake walikuwa upande wa pili.

"Kijana, mbuzi wako tumchinjie shosho?"

"Chinja!" kijana akasema. "Mimi nataka figo."

"Mmesikia mwenyewe," mume wangu alisema.

Kaka yake jirani aliinama akicheka. Jirani alisema, "Muulize kama anataka kuoga dizeli, atakubali. Huyo bado hana akili. Mbaka abate." Alimaanisha mpaka apate; p kwake hutoka b.

"Na nikimchinja mwenyewe?"

Hakumjibu yeye. Aliniangalia mimi. "Habana, siwezi kuzuia," alisema. "Chinjeni." Akaingia ndani. Asubuhi hiyo hakumwita kijana kwenye pengo.

Kijana alisimama pale akingoja. Mume wangu naye akasimama.

Shosho ndiye aliyesema, kutoka mlangoni, "Ni mbuzi gani huyo wa kuwakosanisha watu? Mimi meno niliyaacha Nyandarua. Leteni sufuria nimenye viazi."

Krismasi tukala viazi vyake, na nyama kidogo ya ngamia kutoka sokoni. Shosho alicheka na watoto siku nzima. Jirani alileta maziwa kama kawaida. Lakini nikisema tu hivyo nitakuwa nimempunja mume wangu. Siku ya pili, tukianika nguo, tulimsikia mama yake akimwambia mtu kwa simu kwamba amesafiri mbali hivi kuja kula viazi vyake mwenyewe. Mume wangu alibana nguo iliyokuwa mkononi, akachukua nyingine.

Mvua haikuja. Mbuzi wa jirani walianza kufa, na mwisho akafa yule wa sikio la kahawia.

Jirani alikuja kwetu kutoa habari. Alitupita mimi na mume wangu, akachuchumaa mbele ya kijana, akamsalimu kama mtu mzima.

"Mbuzi yako imekufa, mzee. Mungu amechukua. Mtoto yake ya kike iko, mimi naangalia."

"Na figo?" kijana akauliza.

"Iliyokufa yenyewe hailiwi."

Kijana akalia. Mpaka leo sijui alimlilia mbuzi au figo.

Nilingoja mume wangu aseme kwamba alisema. Alikuwa ameona mbele kuliko sisi, na ningekuwa yeye ningesema. Alivaa viatu, akaenda kisimani, na baada ya muda nikasikia mashine ikishika, ingawa haikuwa saa yake. Jirani aliinua kichwa akasikiliza. Kisha akampa kijana fimbo, wakampeleka yule mbuzi mdogo kunywa maji.