Vivuli vya Saa Tisa vya Kiguu na Njia

Kiguu na Njia ndilo jina alilopewa na mtaa, nalo lilimkaa kuliko lile la kwenye cheti. Ni binti wa mwashi aliyejenga ukuta wa shule yetu, ukasimama wima miaka arobaini. Ni mjukuu wa mfinyanzi ambaye mitungi yake haikuvuja. Yeye mwenyewe ni mchoraji na msanifu wa bustani, aliyepanda miti mbele ya mahakama, kuzunguka soko, na katika shule tatu. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi niliishia darasa la saba, lakini penseli ya kwanza aliyoishika ilikuwa yangu, na sijasahau kwamba aliirudisha imebaki urefu wa kucha.

Hakuwahi kutulia. Ukimkaribisha kiti, anakisogeza kwanza aone mwanga unaingilia wapi. Meza ya nyumbani kwake Jumatatu ilikuwa dirishani, Jumatano unajigonga nayo mlangoni. Shemeji yangu alizoea kupiga hodi kwake mwenyewe na kuuliza, "Leo tunakaa upande gani?"

Alianza kwa kupaka picha, ndipo akaenda kusomea bustani. Ramani za wenzake zilikuwa mistari mitupu. Zake zilikuwa na rangi za maji, na kila mti ulikuwa na kivuli chake cha kijivu, kimelala jinsi kinavyolala saa tisa alasiri.

Kazi iliyomkosesha raha kuliko zote ni ya uwanja wa hospitali. Palikuwa peupe kati ya wodi na lango, na hapo ndipo ndugu wa wagonjwa walipongojea saa ya kuingia, jua linawachoma utosini. Mganga mkuu alitaka paegeshwe magari. Mdogo wangu alimfuata ofisini, akamfuata kwenye ngazi, mpaka yule bwana akachoka. "Haya, panda miti yako. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nakuja saa tisa. Nisipoona watu wamekaa vizuri, namwaga lami."

Ramani akamwachia mwashi aliyefanya naye kazi, mzee tuliyemwita Timazi kwa jinsi alivyopenda vitu vinyooke. Mdogo wangu akaenda wiki mbili kwenye kazi nyingine. Kukaa kwenye kazi moja mpaka iishe, huo ulikuwa mtihani asioufaulu.

Aliporudi, Jumanne ya wiki ileile ya Ijumaa ya mganga mkuu, nilikuwa naye. Tulisimama langoni tusiamini. Miche ilikuwa mahali pake. Lakini toka kwenye kila mche lilitoka tuta refu, limepinda kama ulimi, limezungushiwa matofali na kujazwa udongo mweusi. Matuta kumi na mawili, yote yameelekea upande mmoja. Mabenchi yalikuwa kando.

"Mzee Timazi, haya ni nini?"

"Matuta, mama. Yale ya kijivu kwenye karatasi."

"Yale ni vivuli."

Timazi akaikunjua karatasi, akaitazama, akaikunja tena. "Kila kimoja nilikipima kwa kamba. Nilishangaa mbona yote yamelala upande mmoja, nikasema msomi ana sababu yake."

"Na mabenchi?"

"Uliyachora juu ya matuta. Mtu hakai juu ya tuta, mama. Hilo nilikurekebishia mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikashika lango. Mdogo wangu akanitazama. "Ukimaliza uniambie, dada."

Akaanza kuzunguka. Bomoa, akasema. Halafu acha. Halafu bomoa lile la mwisho tu. Timazi akawa anainua sururu na kuishusha.

"We mtoto, kaa chini," nikamwambia. "Umetutia kizunguzungu."

Akakaa kwa hasira kwenye ukingo wa matofali, jua likampiga usoni. Mche uliokuwa mbele yake ulimfika magotini. Kivuli chake kingetosha kuku mmoja, tena asiyejinyoosha. Akautazama kitambo.

"Dada, nimechora vivuli vya miaka kumi ijayo. Hata angeweka mabenchi palepale nilipochora, watu wangekaa juani vilevile."

Kisha akainuka, na siku tatu hatukupumzika. Juu ya kila tuta Timazi alisimamisha nguzo, akafunga chanja ya fito. Kwenye ule udongo mweusi tukapanda mimea ya kutambaa. Mabenchi yakarudishwa chini ya chanja. Mimea isingeota kwa siku tatu, kwa hiyo tuliomba mashuka makuukuu ya wodini, nikayaunga kwa mkono, tukayatandaza juu.

Ijumaa saa tisa mganga mkuu akatokea. Mabenchi yalikuwa yamejaa.

"Hii ni hospitali au kwa dobi?"

"Nilikosea, daktari," mdogo wangu akasema, wala hakumtaja Timazi. "Nilichora miti mikubwa, na tuna miche. Shuka ni mpaka mimea ipande, mimea ni mpaka miti ikue."

Mganga mkuu akapita taratibu kati ya watu. Hakuna aliyeinuka kumpisha, kivuli kilikuwa kitamu. "Matuta manne ya upande wa lango yaondoke, gari la wagonjwa lipate kugeuza. Mengine yabaki."

Mdogo wangu akafungua kinywa abishane juu ya yale manne. Nikamkanyaga mguu.

Jumatatu alikuwa na mkoba begani, anakwenda kwenye kazi nyingine. Akamwita Timazi, akampa kamba na kopo la chokaa.

"Kila mwaka, mwezi huu, saa tisa, pima kivuli cha kila mti na utie chokaa kinapoishia. Siku kitakapofunika benchi, ng'oa chanja yake, hata kama watu wameizoea."

"Na ukija ukaniambia niiache?"

"Usinisikilize. Nitakuwa nimebadili mawazo mara kumi."

Timazi akaizungusha kamba kiwikoni, akafikiri. "Basi niandikie, mama. Ila usipake rangi."

Akaketi benchini, akamwandikia.