Jioni za Kinanda cha Mwalimu Elikana

Sisi tulioanza kuandika kwa kidole mchangani kabla hatujakabidhiwa vibao vya mawe, tuliokwenda shule peku na michembe ya viazi vikavu mfukoni, tunajua kiangazi cha wakati ule kilikuwa na ladha gani. Pamba ilikuwa imekwisha kuchumwa na kupelekwa mnadani. Viazi vilikuwa vimekatwakatwa na kuanikwa juu ya miamba. Ng'ombe walirudi jioni na vumbi lao jekundu, na baada ya hapo hakuna mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Watu walikuwa na muda. Nikiwaambia hivyo wajukuu zangu wananitazama kana kwamba nimesema watu walikuwa na mikia.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mgodini Geita, upande wa kuelekea Rwamgasa. Kanisa letu lilikuwa dogo, la matofali mabichi, na madirisha yake yalikuwa matundu tu yasiyo na vioo wala mbao. Ndani mlikuwa na kitu ambacho watu wa vijiji jirani walituonea wivu: kinanda cha mbao, cha kukanyaga kwa miguu, kilicholetwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka misheni. Aliyejua kukipiga alikuwa mtu mmoja tu, Mwalimu Elikana, ambaye siku za kazi alitufundisha hesabu na Jumapili alitufundisha dini.

Jumamosi za kiangazi, jua likianza kuinama, Mwalimu alikipiga kinanda kwa yeyote aliyetaka kusikia. Haikuwa ibada. Hapakuwa na mahubiri wala kapu la sadaka. Walikuja wakulima na wake zao, kila mmoja na kigoda chake. Walikuja wachimbaji kutoka mgodini, watu wa makabila tusiyoyajua, na mabuti yao mazito. Wachuuzi Waislamu walitandika mikeka nje, chini ya madirisha, wakasikiliza kutokea hapo. Sisi watoto tuliacha michezo yetu ya kombolela na rede tukiwa bado tunahema, tukajipanga mbele kabisa, jasho na vumbi vimeganda usoni.

Mwalimu alinawa mikono, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akaketi. Kwanza ulisikia miguu yake kwenye pedeli. Halafu ulisikia pumzi, kama ng'ombe anayelala. Halafu ndipo sauti ilipotoka, nene na tamu, ikajaa kanisa na kumwagikia nje hadi kwenye majaruba ya mpunga. Ukiwa umekaa karibu ulihisi sakafu ikitetemeka chini ya makalio. Baada ya nyimbo tatu nne alituita sisi wa kwaya tuimbe. Mimi, Minza, nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja, na ndimi niliyeanzisha nyimbo. Nasema hivi bila aibu kwa sababu sauti yenyewe imekwisha kuondoka. Leo nikiimba, kuku wanatawanyika.

Sasa lazima niwaambie juu ya baba yangu.

Mama alikuwa mkristo wa kubatizwa, lakini baba, Luhende, alikuwa manju. Yeye ndiye aliyetunga na kuongoza nyimbo za kundi kubwa la ngoma katika eneo lile, na ngoma nyingi zilizopigwa huko aliziwamba kwa mikono yake. Kiangazi kilikuwa msimu wake pia. Ndiyo maana wazee wa kanisa walipenda sana zile jioni za kinanda: ziliwazuia vijana wasiende kwenye mashindano ya ngoma. Nyumbani kwetu hakukuwa na ugomvi juu ya hilo. Mama alikwenda kwenye kinanda, baba akaenda kwenye ngoma, na wote wawili wakala ugali mmoja.

Mambo yaliharibika baba alipotunga wimbo juu ya Mwalimu. Katika mashindano ya ngoma, manju lazima awachekeshe watu, na kiangazi kile baba alimchekesha kila mtu kwa maneno haya: kuna bwana mmoja ana baiskeli ya mbao, anaikanyaga mwaka mzima, na hajafika hata kisimani.

Wimbo ulienea kama moto wa nyasi. Wanawake waliuimba wakitwanga. Wachimbaji wakaubeba hadi mgodini. Mwalimu akipita njiani, vijana waliokaa kando walianza kukanyagakanyaga ardhi kwa miguu, na yeye akawa anapita akitazama mbele, shingo imekaza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumatatu moja, baada ya masomo, aliniita.

"Minza," alisema, "Jumamosi hii utasikiliza ukiwa nje."

"Nimekosa nini, Mwalimu?"

Aliendelea kufuta ubao uliokuwa umekwisha kufutika.

Nilifika nyumbani nikilia. Usiku ule mama alimpelekea baba chakula. Alikiweka, akabaki amesimama.

"Baba Minza," alisema, "ulipoimba, watu wote walicheka. Mtoto wako peke yake ndiye anayelia."

"Wimbo ni wimbo," baba alisema. "Mwalimu angenijibu kwa wimbo wake."

"Yeye hana ngoma. Ana mtoto wako darasani."

Baba aliacha kula. Lakini hakufanya kitu, na Jumamosi mbili nilikaa chini ya dirisha, karibu na mikeka ya wachuuzi, nikisikia mtu mwingine akianzisha nyimbo nilizokuwa nikizianzisha mimi. Mzee mmoja wa Kimanyema aliyeuza chumvi alinipa tende. Aliniuliza kwa nini siko ndani, nikamwambia kuna joto.

Jumamosi ya tatu kinanda kilikata pumzi. Mwalimu alikanyaga, na badala ya sauti tukasikia mluzi mwembamba, kama wa chungu kinachochemka, kisha kimya. Alikanyaga tena. Akashuka, akafungua ubao wa nyuma, akapiga magoti. Panya walikuwa wameitafuna mifuko ya ngozi inayovuta hewa. Aliinuka na kipande cha ngozi mkononi, akatuambia tuende nyumbani.

Aliandika barua kwa fundi mmoja Mwanza. Jibu lilipokuja lilisema ngozi ya namna ile huagizwa Ulaya na ingechukua mwaka mzima au zaidi. Wazee wa kanisa walikutana wakaamua kwamba kinanda kipelekwe kwa kanisa kubwa zaidi, huko Chato kwenye ziwa, labda wenyewe wangeweza kukitengeneza. Mkokoteni ungekuja baada ya wiki mbili. Siku ile nilimwona Mwalimu akifundisha hesabu, akakosea kujumlisha, na hakuna mtoto aliyethubutu kumwambia.

Jioni nilimkuta baba uani akipara ngozi. Sikukusudia kumweleza. Nilikuwa bado nimemkasirikia. Lakini maneno yalinitoka yenyewe: panya, barua, mkokoteni, Chato. Baba aliendelea kupara. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Imechanika kwenye mshono, au katikati?"

Asubuhi alivaa shuka lake safi, akanishika mkono, tukaenda kwa Mwalimu. Tulimkuta mlangoni akipiga mswaki kwa kijiti. Alipotuona alikitoa kijiti mdomoni pole pole.

"Mwangaluka, Mwalimu," baba alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Baba Minza. Umekuja kuniimbia?"

"Nimekuja kuona ngozi."

Mwalimu alikitupa kile kijiti. "Wazee watasema ngozi ya ngoma imeingia kanisani."

"Mbuzi mwenyewe bado anakula majani nyuma ya nyumba yangu," alisema baba. "Hajacheza ngoma hata moja."

Nilimwona Mwalimu akijaribu kukaza uso. Hakuweza. Alicheka mpaka akashika kizingiti, na baba naye akacheka, na mimi katikati yao sikujua nicheke au nilie.

Kazi ilichukua siku nne. Baba alichinja mwanambuzi, akaipara ngozi mpaka ikawa nyembamba kama jani la mhindi, akailainisha kwa samli na kuisugua kwa viganja hata ikakunjika bila kutoa sauti. Mwalimu alileta gundi ya useremala. Walifanya kazi wakiwa wamelala chali sakafuni, vichwa ndani ya kinanda, miguu nje, na mimi nikiwapa walichoomba. Siku ya pili nilimsikia baba akisema kutokea mle ndani:

"Ule wimbo sitauimba tena."

"Umekwisha kuenea," Mwalimu alijibu. "Utaufungia wapi?"

"Nitatunga mwingine uufunike. Lakini mtoto arudi ndani."

Kisha Mwalimu akasema, "Kosa la wimbo ni lako, Baba Minza. Kosa la mtoto ni langu." Akatoka chini ya kinanda, nywele zimejaa utando wa buibui, akaniambia mimi niliyekuwa mtoto tu, "Unisamehe." Wenzangu mnaokumbuka walimu wa wakati ule, fimbo zao na sauti zao, mtajua lilikuwa neno la namna gani.

Mkokoteni wa Chato ulikuja ukarudi mtupu. Jumamosi ile watu walijaa hadi uwanjani, wengine wakiwa wamekuja kuona kama kinanda kitalia kama ngoma. Kililia kama kinanda. Nikaanzisha. Baba hakuingia, alisimama nje, viwiko vyake juu ya kizingiti cha dirisha, akitazama miguu ya Mwalimu na si mikono, kama fundi anayesikiliza kazi yake. Tangu siku ile alikuja kila Jumamosi. Yeye na Mwalimu walikubaliana bila kumwuliza mtu: kinanda mpaka jua lizame, ngoma baada ya hapo. Wazee wa kanisa walinung'unika. Vijana walifurahi, kwa sababu sasa hakuna aliyewalazimisha kuchagua.

Viangazi vitatu tuliishi hivyo. Kisha baba akashikwa na homa, na siku ya tano tukampoteza.

Hakuwa amebatizwa. Wazee walimwambia mama, kwa upole, kwamba kanisa lisingeweza kumzika manju. Wasingekuja, na kengele isingelia. Mama aliitikia kwa kichwa. Kundi la ngoma lilikuja, wanaume wakubwa na ngoma zao mabegani, wakazilaza chini bila kuzipiga. Tulikuwa tumekwisha kufukia kaburi, jua linainama, tuliposikia magurudumu. Mwalimu Elikana alikuwa akitembea mbele ya ng'ombe, kanzu yake ya Jumapili ina vumbi hadi magotini. Nyuma yake, juu ya mkokoteni, kimefungwa kwa kamba za katani, kilikuwa kinanda.

Wachezaji ngoma ndio waliokishusha. Mwalimu hakusoma kitabu, hakuomba dua. Aliketi kwenye kigoda cha mama cha jikoni, akafuta mikono, akapiga kwa muda ambao leo siwezi kuupima, mpaka hatukuonana nyuso kwa giza. Alipomaliza, mama alimwuliza kama hakuwaogopa wazee wa kanisa.

"Mama Minza," alisema, "niliwahi kumfukuza mtoto kwa ajili ya wimbo. Sikuweza kumfukuza maiti pia."

Mwaka ulipokwisha alihamishwa. Walisema ni kawaida ya walimu kuhamishwa. Alikwenda upande wa Shinyanga, na sikumwona tena.

Juzi nilipelekwa kwenye kanisa jipya la kijiji kile. Ni kubwa, la vioo na marumaru. Vijana wanapiga kinanda cha umeme chenye vitufe vya kutoa sauti ya tarumbeta, ya zeze, hata ya mvua, na maspika yake yanatetemesha mbavu. Wanapiga vizuri, siwaonei. Ila umeme ulikatika katikati ya pambio, na sifa zote zikakatika nao, tukabaki tunatazamana kama abiria wa gari lililoharibika.

Wakati tunangoja jenereta, mjukuu wangu aliyekuwa karibu nami alikuwa akichezea simu. Nilimwona akimtafuta rafiki yake mmoja, jirani yetu kabisa, akabonyeza, jina likapotea.

"Umefanya nini?" nikamwuliza.

"Nimem-bloku, bibi. Alinitania kwenye kundi."

"Na mkikutana njiani?"

"Nampita tu."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia kwamba nimewaona watu wawili waliokosana kwa utani mbele ya nchi nzima wakilala chini bega kwa bega, vichwa ndani ya sanduku moja. Lakini jenereta likawaka, na maspika yakaanza, na hakuna ambaye angenisikia.