Zuwena, Feni ya Maduhu na Koti la Ukweni

Nitakayoyasema hapa hamtayaamini, na wala sitawalaumu. Hata mwenyewe aliyeyatenda, Zuwena binti Akida, mama yake Feisal, fundi wa feni na AC za magari hapa Katoro, ukianza kuyasimulia anakunja pua kama aliyenusa betri iliyovuja. Kaketi hapo nyuma ya meza, anamenya chungwa, eti hasikilizi. Mwacheni. Mpwa wangu huyo, na pua hiyo naijua tangu ina makamasi.

Kwanza mjue baridi aliitoa wapi. Marehemu baba yake, Mzee Akida, mtu wa asili ya Ujiji, alikuwa fundi wa mafriji pale Shinyanga mjini. Nyumba yao ilikuwa na mafriji mengi kuliko viti. Watoto wengine walibembelezwa kwa nyimbo; Zuwena alilala kwa mngurumo wa kompresa, na kompresa ikinyamaza ghafla alikuwa anaamka analia. Mzee Akida akaigeuza kuwa kazi: mtoto akipiga kelele, anajua kuna friji limekufa.

Dhahabu ilipowavuta watu Katoro, Zuwena naye alivutika, ila si kwa kuchimba. Akili yake ilikuwa hii: mtu akipata dhahabu ananunua gari. Akinunua gari anafunga vioo, watu wajue kuna AC. AC ikifa, vioo hafungui ng'o, maana ni aibu, anaiva humohumo. "Mimi nawasubiri pale wanapoivia," alisema, akaweka meza yake kwenye gereji ya Marwa.

Marwa ni mtu wa Tarime, kifua kama mlango wa stoo, fundi mzuri wa injini, lakini kwa mambo ya joto ana dawa mbili tu. Gari ikichemsha, toa themostati. AC ikigoma, gesi imeisha. Hayo huyasema boneti halijafunguliwa, na mara nyingine gari halijafika.

Basi siku hiyo, jua limesimama wima, likaingia gari la Maduhu. Linafuka! Mvuke uliotoka pale, watu wa Geita mjini walianua nguo wakidhani mvua inakuja. Maduhu ana duara lake, yaani shimo la dhahabu, upande wa Masumbwe, kijana mpole, mrefu, na siku hiyo alikuwa amevaa koti zito, vifungo vyote hadi shingoni. Jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu, na koti havui.

"Vua koti, ndugu yangu, utakufa," Marwa akamwambia.

Maduhu akaonyesha kwa kidevu kiti cha nyuma. Pale alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, kilemba kimesimama, mkoba mapajani, macho mbele. Mama Ritha. Mama wa yule binti ambaye Maduhu alikuwa amempelekea posa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye roho ya mtu. Mama Ritha ni wa mila za zamani. Kwao mkwe hasemeshani na mkwe ana kwa ana kabla ya ndoa. Neno lazima lipitie kwa mtu wa tatu, hata kama wamekaa hatua mbili. Na huyu mama alikuwa ameshachemkiwa na gari hilo mara moja. Walikuwa wanatoka Songwa kumwona dada yake, likagoma porini, Maduhu akachanganyikiwa akavua shati mbele ya mkwe ili aipepee rejeta. Kifua wazi! Alitozwa mbuzi. Mbuzi wa watu alikufa kwa ajili ya kifua kile. Ndiyo maana ya koti.

Mama Ritha akashusha kioo nusu. Hakumtazama Maduhu. Akamwambia Zuwena:

"Mwanangu, mwambie mwenye gari hivi. Nikishuka kwenye chombo hiki kabla ya Masumbwe, napanda bodaboda. Na ile posa yake inapanda nayo, mshikaki."

Maduhu alisikia kila herufi, lakini kwa adabu alisubiri Zuwena amgeukie.

"Umesikia, Baba?"

"Mwambie mama nimesikia."

"Kasema kasikia, mama."

"Mwambie nimesikia kwamba kasikia. Mtu asiyeweza kupoza gari, hasira za binti yangu atazipoza na nini?"

Marwa alikuwa ameshainama. "Themostati hiyo."

"Ulishaitoa mwezi uliopita," Maduhu akasema.

"Basi irudishwe. Na AC?"

"Inatoa joto la jikoni."

"Gesi."

"Gesi uliweka wewe. Mara mbili."

Marwa akajifanya anakagua tairi.

Zuwena hakugusa kitu. Rejeta ikiwa moto kifuniko hakifunguliwi, hata kama mkweo anakutazama. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya gari, akaanza kuuliza maswali ya kipolisi. Asubuhi, gari likiwashwa tu, AC ikoje? Baridi safi, Maduhu akasema, ila injini ikipata moto na AC nayo inageuka moto. Inachemsha ukiwa umesimama kwenye foleni ya mnadani? Hapana, pale inavumilia vumilia. Inachemsha lini?

"Nikikimbia. Nikikanyaga mafuta tu, mshale unapanda."

Zuwena akaacha kigoda. Magari yote ya dunia huchemka yakisimama na kupoa yakikimbia, kwa kuwa barabara yenyewe inayapepea. Hili likikimbia ndipo linapochemka. Kichwani mwake ikalia ile kompresa ya utotoni, iliyonyamaza ghafla.

Mvuke ulipoisha na maji kuongezwa, akaamuru injini iwashwe na AC ifunguliwe. Feni ya rejeta ikazunguka, vuuu.

"Umeona?" Marwa akasema kwa ushindi. "Feni nzima kabisa. Inazunguka mpaka inatisha."

"Hata kuku aliyekatwa shingo anazunguka, Marwa. Swali anaelekea wapi."

Begani, juu ya ushungi wake, Zuwena alikuwa na mtandio mwepesi wa njano. Akautoa akauning'iniza mbele ya shoo, ule wavu ulio mbele ya rejeta. Feni ya gari la namna hii hukaa nyuma ya rejeta, upande wa injini, na kazi yake ni kuvuta hewa kutoka nje. Mtandio ulipaswa kunasa kwenye shoo kama nzi kwenye asali. Badala yake ulivimba, ukamponyoka, ukaruka kama kishada na kumvaa Marwa kichwani, ukamkaa vizuri mpaka wateja wa duka la jirani wakamwita bi harusi.

Zuwena akaweka kiganja mbele ya shoo. Upepo ulikuwa unatoka, tena wa moto. Akaelewa yote kwa mara moja. Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Ilikuwa inabeba joto la injini, inalipitisha kwenye rejeta, halafu inalimwaga kwenye kile kirejeta cha AC kilichopo mbele. AC ingetoa baridi kwa muujiza gani? Na gari likikimbia, upepo wa barabara unaingia, wa feni unatoka, wanakutana mlangoni kama watu wawili wanene, hapiti huyu wala yule.

Akainama kwenye plagi ya feni. Waya mbili zilikuwa zimekatwa na kuunganishwa kichwa chini, ya huku ikapelekwa kule. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni mafundo. Hayakufungwa kwa utepe wa fundi umeme. Yalizungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko imekazwa, ncha imechomekwa ndani. Namna hiyo hufunga watu wa maduarani, wanapounga mabomba ya mashine ya kupeleka hewa shimoni. Akainua uso polepole akamtazama Maduhu. Maduhu akatazama mbingu, akaikuta haina wingu la kujificha.

Mtu mwema angemvuta pembeni amnong'oneze. Zuwena ni mwema, lakini si wa kila siku.

"Baba," akasema kwa sauti ya kusikika sokoni, "nani alikuunganishia feni hii?"

"Fundi mmoja. Wa Mwanza."

"Wa Mwanza!"

"Eeh. Alikuwa anapita tu."

"Basi ni mjinga huyo. Au namsingizia?"

Maduhu akakaza kifungo cha shingoni. "Ni mjinga kiasi."

"Kiasi? Mtu anapika mama wa watu ndani ya gari, unamwita mjinga kiasi?"

"Ni mjinga sana."

"Kichwa chake kimejaa nini?"

"Pumba," Maduhu akasema, sauti imekwisha.

"Marwa, umesikia? Mwenye gari mwenyewe kasema pumba."

Na ingeishia hapo, kicheko kidogo, waya zigeuzwe, kila mtu aende zake. Lakini kioo cha nyuma kilishuka chote.

"Mwanangu," Mama Ritha akamwambia Zuwena, "mwambie mwenye gari ampigie simu huyo fundi wa Mwanza. Sasa hivi. Nataka nimtukane mimi mwenyewe, kwa Kisukuma, maana Kiswahili hakitoshi."

Mzaha ukamgeukia mpwa wangu. Aliona uso wa Maduhu, akaona mtego alioutega kumkamata panya umenasa jogoo wa nyumba. Akisema kweli, posa inapanda bodaboda. Akinyamaza, simu itapigwa kwa nani? Akaanza kusema kwamba mtandao huwa unasumbua Katoro, na pembeni yake Marwa, mtandio bado kichwani, alikuwa anaongea na simu yake bila taabu yoyote.

Maduhu akamgeukia Zuwena, kwa adabu ileile.

"Mwambie mama, huyo fundi wa Mwanza hana haja ya kupigiwa. Yupo hapa."

"Mama, anasema yupo hapa."

"Nimesikia. Yuko wapi?"

"Mwambie mama… kavaa koti."

Nyundo za bati upande wa pili nadhani zilisimama. Mama Ritha akafungua mlango, akashusha mguu mmoja chini. Mmoja tu. Bodaboda watatu wakawasha pikipiki zao papo hapo, wale hunusa abiria kama fisi.

Zuwena akawahi kuziba mlango kwa mwili wake. "Mama, subiri. Hebu kwanza nikuulize, umewahi kufika duarani?"

"Marehemu mume wangu alichimba. Swali gani hilo?"

"Pale kwenye duara, ile mashine ya hewa inavuta au inasukuma?"

"Inasukuma. Inawapelekea hewa walio chini. Ukivuta si utawaua?"

"Basi ona hii." Akakimbia kwenye boneti, akakata fundo moja la mpira wa tyubu, akamletea palepale mlangoni. "Feni ya gari inatakiwa ivute. Huyu alipoikuta inavuta, akadhani imeharibika. Akaigeuza isukume. Aliihurumia rejeta kama mtu aliyezama shimoni."

Mama Ritha alilishika fundo, akalipapasa kwa kidole gumba muda mrefu kuliko fundo linavyostahili. Mumewe naye alifunga hivyohivyo, ncha ndani.

"Mwambie," akasema hatimaye, bado hamtazami, "mwambie ni mjinga."

"Baba, mama anasema—"

"Nimesikia."

"Mwambie hata yule marehemu alikuwa mjinga. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukosa hewa kwenye duara lake." Akaurudisha mguu ndani ya gari, akafunga mlango. "Haya, geuzeni hizo waya."

Kazi ilikuwa ya kupepesa jicho. Zuwena akakata, akarudisha kila waya kwake, akafunga kwa utepe, akawasha. Mtandio, uliponyang'anywa kichwani kwa Marwa, ukanasa kwenye shoo, pah, haubanduki. Marwa akasema alikuwa anaelekea kusema hivyohivyo.

Lakini mtandio ni mtandio, na Masumbwe ni Masumbwe. Ilibidi Zuwena naye apande, kiti cha mbele, maana nani angepeleka maneno? Mwanzoni hayakuwepo maneno. Macho yote, jozi tatu, yalikuwa kwenye mshale wa joto. Maduhu akakanyaga mafuta; mshale ukapanda hadi kati, ukasimama. Kilima kikaja, ukabaki palepale. Walipoipita Ushirombo, Zuwena alisikia jambo kwa mara ya kwanza siku nzima: kompresa inanguruma, haikatiki. Macho yakamlegea kama mtoto. Akasinzia.

Na huko usingizini ndiko alikoisikia sauti ya nyuma ikisema, taratibu, bila kupitia kwa mtu yeyote:

"Ng'wanone, hebu punguza hiyo mbeho. Naganda."

Mbeho ni baridi kwa Kisukuma, na ng'wanone ni mwanangu. Zuwena hakufungua macho. Akasubiri kama ataambiwa, "Mwambie." Hakuambiwa. Maduhu akanyoosha mkono, akapunguza.

"Ndiyo, mayu."

Mayu, yaani mama. Posa ilikuwa imeketi salama kwenye kiti cha nyuma. Na baridi ilikuwa kali, jamani, kali haijapata kuonekana, vioo viliota barafu nene kama sahani, Mama Ritha akafunikwa mablanketi manne, na walipofika Masumbwe na mlango kufunguliwa baridi ile ilitoka nje kwa kishindo, ikaipata mbuga nzima, ng'ombe kumi na wawili wakasimama wamekakamaa, na kwa macho yangu mimi, niliyekuwa nimeketi palepale kiti cha nyuma, nikamwona fahali mmoja mkubwa anatoa kwenye kiwele chake maziwa ya—

"Mjomba! Fahali? Na siku hiyo si ulikuwa Kahama unang'olewa jino?"