Mkono Usiojua Moto

Saa moja na nusu asubuhi mume wangu aliinua kikombe cha chai, nikaona malengelenge kwenye kiganja chake cha kushoto. Mabichi. Yamejaa maji.

"Umeungua na nini?"

Akageuza mkono, akautazama kama wa jirani. "Kumbe nimeungua?"

Jamani. Mtu anaungua mpaka ngozi inainuka, halafu habari anaipata kwa mkewe?

Mume wangu ni fundi cherehani. Mimi nafundisha sayansi sekondari. Nilikuwa nimeshaona na mengine: vidole vimedungwadungwa, na juu yake bandeji yenye fundo dogo, safi. Fundo la namna hiyo hujifungi mwenyewe kwa mkono mmoja.

Kuna mkono mwingine hapa, nikasema.

Nikampigia wifi yangu, dada yake.

"Wifi, kaka yako siku hizi anakunywa?"

"Kaka? Huyo soda yenyewe inamlewesha! Wewe nawe, hata polisi huwa wanakwenda likizo."

"Basi ana mwanamke. Ameungua mkono, anasema hajui alikoungulia."

Akashusha sauti: "Mkono gani?"

"Wa kushoto. Kwa nini?"

"Basi tu." Akakata simu.

Huyu anajua kitu.

Jioni nilimfunga mume wangu macho kwa mtandio, nikawa namgusa vidole vya mkono ule kwa pamba, kimoja kimoja.

"Cha shahada. Cha kati. Gumba. Mama watoto, haya ni mapenzi au mtihani?"

"Mtihani."

Hakukosea hata kimoja. Hitimisho langu likawa fupi: mkono mzima, mwenye mkono mwongo. Nikamwambia akalale sebuleni, na kwamba nikimjua anayemfunga bandeji, mimi na watoto tunaondoka.

"Ni Mama Vifungo, ninayeshona naye pale dukani kwangu," akasema.

Hata mate hakumeza. Nikazidi kushuku. Nani anakiri haraka hivyo?

Kesho yake niliingia dukani kwa mume wangu bila hodi. Mama Vifungo, ambaye kazi yake ni vifungo na mapindo, alikuwa mlangoni na shati la mtu mapajani.

"Wewe ndiye unayemfunga mume wangu bandeji. Unamfunga na nini kingine?"

Akakata uzi kwa meno, akanitazama.

"Mwalimu, nafunga damu isichafue nguo za watu. Mumeo anajidunga sindano huku anapiga mbinja. Nimemwambia aende hospitali, ananijibu fundi gani hadungwi."

Nyuma yake mume wangu alikuwa anapima pasi. Mafundi wengi hupima hivyo: unalamba kidole, unagusa chuma, unaondoa upesi. Yeye aligusa. Akagusa tena. Kisha akabandika kiganja kizima.

"Hii pasi ni mbovu," akalalamika. "Haipati moto kabisa. Nimeshaipeleka kwa fundi umeme, naye ananiambia ni nzima. Tapeli yule."

Harufu ikanifikia. Mama Vifungo aliuvuta ule mkono kabla sijaufikia mimi.

Hospitalini daktari alimgusa kwa pamba. Akahisi. Akamgusa kwa chupa ya maji ya moto, kisha ya baridi. Zote kwake zilikuwa sawa.

"Umewahi kuumia shingo?"

"Hapana," akasema mume wangu.

Wifi, aliyekuwa amefika mbio baada ya simu yangu, akashindwa kuvumilia. "Kaka! Na kule mtoni je?"

Hapo ndipo yakatoka. Kabla hajanioa alijitupa mtoni, kichwa kikitangulia, mahali alipozoea kuruka. Kiangazi kilikuwa kimeshusha maji, na kichwa kikagonga mchanga. Alivalishwa kola ngumu shingoni. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi, kisha ukarudi, wakahesabu amepona. Mama yao akawafunga midomo: shingo iliyovunjika haiposi.

Kwa hiyo kufichwa, nilikuwa nafichwa kweli.

Kipimo cha MRI kilionyesha mfuko wa maji ndani ya uti wa mgongo. Daktari alieleza kwamba jeraha la namna hiyo linaweza kuacha mfuko unaokua polepole kwa miaka, mtu akijiona mzima. Ukikua pale katikati unaharibu njia za joto na maumivu. Mguso hupita njia nyingine. Pamba yangu ilikuwa imepima kile ambacho hakikuharibika.

Wewe unayesoma, kama uliwahi kugonga kichwa au shingo ukiruka majini, hata kama ulitoka kwa miguu yako mwenyewe, mwambie daktari. Mwambie na unayelala naye. Na maji uliyoyazoea yapime upya kila siku kabla hujatanguliza kichwa.

Alipasuliwa wiki iliyofuata. Daktari alisema lengo ni kuzuia hali isizidi. Uwezo wa kuhisi joto uliokwisha kupotea huenda usirudi.

Mama mkwe alikuja wodini, akakaa ukingoni mwa kiti. Alimtazama mwanawe aliyelala, akanisogelea sikioni.

"Mwalimu... sasa utamrudisha?"

"Nitamrudishaje, mama? Risiti nilishaipoteza."

Tuliyedhani amelala alicheka mpaka muuguzi akaja kumkanya asije akafumua mishono.